Mgomba Uliokuwa Ng'ambo

Siku ya tatu baada ya kumzika mama yetu huko Kasulo, Ngara, nilifungua sanduku la bati lililokaa miaka yote chini ya kitanda chake, na kabla sijaona kilichomo nilinusa samli. Haikuwa samli ya kula. Samli ikipakwa kwenye ngozi na kufungiwa mahali pasipo hewa huchacha, kisha hukauka, na harufu yake huwa kali na tamu kwa pamoja. Chini ya kanga mbili na rozari iliyokatika palikuwa na jozi ya viatu vya njumu, meno yake yamelika upande wa nje, cha kushoto zaidi kuliko cha kulia. Nilijua ni vya nani. Nilijua pia kwa nini mama alivificha, na kwa sababu ya nani.

Dada yangu Spesioza alinizidi miaka tisa. Kati yetu walizaliwa kaka wawili, lakini katika kumbukumbu yangu ya miaka ile kaka hao ni vivuli vinavyopita na majembe. Aliyejaza nyumba ni yeye. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye miguu iliyopinda kidogo kwa ndani, na mguu wake wa kushoto ulikuwa na akili ambayo sisi wengine hatukupewa hata mikononi. Angeweza kupiga chungwa bovu likapita kati ya nguzo mbili za zizi la mbuzi bila mbuzi kushtuka. Baba alimwita tarishi, kwa kuwa hakuwahi kutembea, na alilisema neno hilo kwa dharau mpaka siku ilipomlazimu kulisema kwa majivuno.

Ili kisa hiki kieleweke, sharti nieleze kwanza habari ya migomba. Kwetu kitovu cha mtoto kikikauka na kudondoka hakitupwi. Huzikwa nyuma ya nyumba chini ya mgomba mchanga, na tangu siku hiyo mgomba ule ni wa mtoto yule. Ukizaa hukatwa, na chipukizi lake hushika nafasi na jina, hata mtu akifika utu uzima bado huonyeshwa shina na kuambiwa: wewe ndiye huyu. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na mitatu: miwili ya kaka zangu, na wangu, uliokuwa mdogo kuliko yote na uliopendelewa kwa majivu ya jikoni. Wa Spesioza haukuwapo. Ilikuwa desturi kwa ukoo wa mama kwamba mtoto wa kwanza azaliwe mikononi mwa bibi mzaa mama, na bibi huyo alikuwa akiishi upande wa pili wa mpaka, Burundi, mwendo wa siku moja kwa miguu. Mama alivuka akiwa na mimba ya miezi minane, akajifungua, akakaa mpaka mtoto alipoweza kushika shingo, kisha akarudi kwa mumewe. Kitovu kilibaki kule. Mimi niliona wivu juu ya mgomba ule nisiopata kuuona. Niliufikiria kuwa mrefu kuliko yetu, wenye majani yasiyopasuka kwa upepo, na niliamini kwamba mguu wa kushoto wa dada yangu ulitoka huko.

Mwalimu wa michezo wa shule yetu ndiye aliyempeleka Biharamulo, juu ya lori la mahindi, pamoja na wasichana wengine sita, kwenda kuchujwa. Siku mbili baadaye walirudi sita. Spesioza alikuwa amechukuliwa kwenda Dar es Salaam, kambini, na pamoja naye msichana mmoja wa Nemba aitwaye Leokadia, ambaye naye alicheza winga ya kushoto. Mwalimu alitueleza mambo yalivyokuwa huku baba akisikiliza ameshika jembe: Spesioza ndiye mchezaji, Leokadia ni wa akiba tu, wa kukalia benchi. Timu ilikuwa inajiandaa kwa ile michezo ya bara zima, ambayo ndani yake riadha, ndondi na kuogelea hukutanishwa katika mji mmoja, na timu ya mpira ya wanaume na ile ya wanawake husafiri chini ya bendera moja.

"Ndege moja?" baba aliuliza. "Wanaume na wanawake?"

"Ndege moja, mzee. Ila viti mbalimbali."

Baada ya mwezi mmoja alirudishwa nyumbani kwa wiki mbili kukamilisha karatasi za pasipoti. Alikuja na viatu vile vya njumu alivyopewa kambini, vimembana kidole gumba. Mama akamshauri avipake samli kila jioni ili ngozi ilegee. Kwa hiyo kwa siku kumi na moja nyumba yetu ilinuka samli, na kila aliyepita njiani aliingia kuvitazama. Jirani yetu Mzee Barnaba, aliyekuwa na maoni juu ya kila jambo kuanzia ugonjwa wa migomba hadi mambo ya Roma, alivigeuza mkononi akavirudisha chini.

"Viatu vizuri," alisema. "Lakini ugenini siyo viatu. Huyu amefika Dar es Salaam, sawa. Dar es Salaam ni humu humu nchini. Mtu asiyewahi kulala nje ya nchi, siku ya kwanza tu miguu humtetemeka. Wakubwa wanalijua hilo. Watachunguza kwanza, na wakiona hajawahi kutoka, watamwacha uwanja wa ndege na hivyo viatu vyake."

Watu wazima walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka tisa, nilikuwa wa kwanza darasani, na nilikuwa na desturi, ambayo sijaiacha, ya kuyatia maanani maneno yaliyosemwa kwa mzaha.

Asubuhi ya siku ninayotaka kuisimulia nilivivaa viatu vile. Nilijaza majani ya migomba mbele ya vidole, nikatembea navyo hadi zizini na kurudi. Spesioza alinikuta nikivifuta samadi kwa gauni langu. Alinivua kimoja baada ya kingine, kisha akanipiga kofi moja, akaniambia kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, kwamba vitu vile havikuwa vya watoto wanaonuka mbuzi. Akaenda zake uwanjani kufanya mazoezi. Baba na mama walikuwa shambani. Nilibaki peke yangu, shavu likiwaka, na mpaka jua lilipofika utosini nilimchukia kwa ukamilifu ambao mtu mzima hawezi kuufikia.

Ndipo pikipiki ikaingia uani. Aliyeshuka alikuwa mwanamume nadhifu, mwenye faili la kaki na kalamu mbili mfukoni. Nilimwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Wewe ni nani katika nyumba hii?"

Alizungumza Kiswahili cha redio. Kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya shule, ya soko na ya ofisi. Nyumbani hakikuingia ila kwa barua. Nilinyoosha mgongo kama mbele ya mkaguzi.

"Mimi ni mdogo wake Spesioza."

"Unasema vizuri! Unasoma darasa la ngapi?"

Nikamwambia. Akasema kwamba watoto wenye Kiswahili kama changu ndio wanaokuja kuwa wakubwa ofisini. Akaomba maji, akanywa, akakaa juu ya kinu kilichoinamishwa. Aliniuliza baba anaitwaje, babu alizikwa wapi, tunalima nini. Nilijibu kila swali kwa sentensi kamili. Kisha akauliza kama dada yangu alipata kusafiri nje ya nchi.

Hapo nilimkumbuka Mzee Barnaba. Nilielewa, kwa uwazi wa kutisha alio nao mtoto, kwamba huyu ndiye aliyetumwa na wakubwa kuchunguza, na kwamba safari yote ya dada yangu ilining'inia kwenye jibu langu.

"Amesafiri sana," nilisema. "Huyo hawezi kutetemeka. Alizaliwa huko huko nje."

Mtu yule hakushangaa. Alifungua faili polepole. "Nje wapi, binti?"

"Ng'ambo, kwa bibi. Hata mgomba wake uko huko." Na kwa kuwa aliinua nyusi, nilimshika mkono nikampeleka nyuma ya nyumba. Nilimwonyesha migomba mitatu, nikaitaja kwa majina ya wenyewe. Nikampeleka kwenye nafasi tupu mwanzoni mwa mstari. "Hapa ungekuwa wa Spesioza. Lakini wake uko Burundi."

"Kwa hiyo dada yako alizaliwa Burundi?"

"Ndiyo."

Aliandika. Alinishukuru, akanipa peremende mbili, akaondoka. Moja niliila. Ya pili nilimwekea Spesioza, juu ya viatu.

Nimeitumia sehemu kubwa ya maisha yangu kusoma maandiko ya watu waliokufa na kupima kwa nini waliandika hiki wakaacha kile. Siku ile nimeipima kwa mizani hiyo hiyo. Nakuta upendo, na siuongezi chumvi: nilitaka aende. Nakuta majivuno ya Kiswahili. Na chini kabisa nakuta shavu lililokuwa bado linawaka. Sijaweza kusema kwa hakika kwamba shavu lile halikufungua mdomo wangu, na mtu asiyeweza kuliondoa jambo katika hesabu yake hana haki ya kuliacha nje.

Siku tatu baadaye yule mtu wa pikipiki, kumbe ofisa wa uhamiaji, alirudi pamoja na mtendaji wa kata. Safari hii wote tulikuwapo. Baba aliletewa karatasi ya kuombea pasipoti mbele ya macho yake: juu yake, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa ameandika kwamba Spesioza alizaliwa Kasulo.

"Mzee, haya ni maandishi yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa."

"Na binti yako mdogo amenionyesha migomba. Nani mwongo, wewe au mtoto?"

Baba alinitazama. Kisha akatazama chini, akaanza kueleza mambo yaliyochanganyikana: miaka ya kambi za wakimbizi, majirani waliopakiwa kwenye magari kwa sababu ya lafudhi, hofu ya mtu anayeishi mpakani kuandika jina la nchi nyingine juu ya mtoto wake. Mama alikuwa amepiga magoti bila kuombwa. Mtu wa faili alisikiliza mpaka mwisho, bila ukali wowote. Akasema shauri hili litapelekwa mbele, lichunguzwe, na litajibiwa kwa wakati wake.

Timu ilikuwa iondoke baada ya siku tisa.

Baadaye sana, nikiwa na umri wa kusoma sheria kwa ajili ya kazi nyingine kabisa, niligundua jambo ambalo sikuwahi kumwambia baba, na sasa amekwisha kufa. Mtoto wa baba raia ni raia, hata akizaliwa nje. Kama angeandika ukweli, Spesioza angeondoka. Jibu lilipokuja, baada ya miezi minne, lilimpa haki yake yote kwa mistari miwili, bila kueleza sheria. Wakati huo viatu vilikuwa vimekwisha kukauka.

Jioni ile, baada ya wageni kuondoka, Spesioza alinikuta jikoni. Nilijikinga shavu. Hakunipiga. Alichuchumaa mbele yangu, akaniambia kwa Kihangaza, taratibu, nimweleze yote: aliuliza nini kwanza, nami nikajibu nini, halafu nini. Nilimweleza neno kwa neno, kwa kuwa kumbukumbu yangu ilikuwa njema. Nilipofika kwenye peremende alisimama. Alitoka nje, na sauti yake haikusikika tena ikielekezwa kwangu kwa majuma matano.

Nilisubiri adhabu. Nilikuwa na hakika ataukata mgomba wangu. Kila alfajiri, kabla ya maji, nilikwenda nyuma ya nyumba kuukagua, nikapapasa shina nikitafuta alama ya panga. Halikuguswa. Njiani watoto walimwimbia "Mkimbizi, mkimbizi, rudi kwenu na mpira wako," na mmoja alimrushia mfuko wa plastiki akimwambia afunge mizigo. Baba, asiyeweza kumtazama, alimpa kazi ya kupalilia kahawa kutoka kucha hadi kuchwa. Siku timu iliporuka alikuwa amefika mstari wa saba.

Leokadia wa Nemba alipewa jezi ya dada yangu.

Michezo ilipoanza baba alitaka kuwaona wanaume. Pale Ngara mjini, nyuma ya duka la vitambaa, Mzee Abdalla, ambaye wazazi wake walikuja kutoka pwani na biashara, alikuwa ameweka televisheni uani na mabenchi ya kukodi kanisani. Ilikuwa alasiri. Wanawake wangetangulia, wanaume wafuate. Mama alisema Spesioza asiende. Baba akasema asipokwenda watu watasema amejificha. Kwa hiyo tulikwenda, nikakaa chini mbele ya Spesioza, mgongo wangu karibu na magoti yake.

"Mzee Abdalla, toa hao, tuwekee mpira wa kweli!" mtu alipiga kelele.

"Mwanangu, huo ndio mpira," Mzee Abdalla alijibu kutoka mlangoni. "Kama unataka mwingine, una mke nyumbani, kampigie danadana yeye."

Ua ulicheka, na kwa muda wakatazama. Kipindi cha pili mpira ulitoka kulia, ukavuka juu ya mabeki wote, ukamwangukia winga wa kushoto. Nilisikia magoti ya Spesioza yakikaza nyuma yangu. Mguu wake wa kushoto ulisogea ardhini, chini ya benchi, kidogo tu, ndani ya kandambili. Kule mbali Leokadia alipiga wakati ule ule, na mpira ukaingia.

Mabenchi yalianguka. Waliokuwa wakizomea walikumbatiana. "Nemba hiyo! Biharamulo hiyo! Mtoto wa huku huku!" Kisha kijana mmoja, mwendesha bodaboda, akageuka na kumtambua dada yangu.

"Kumbe wewe! Si wewe ulikuwa uende? Yule Mrundi wa Kasulo?"

"Mwache," mwingine alimjibu, "anasubiri timu ya kwao icheze."

Hata baba alitabasamu, lile tabasamu la mtu anayeomba asipigwe. Spesioza hakuinuka wala hakulia. Aliinama mpaka pumzi yake ikanigusa sikio, na baada ya majuma matano alinisemesha.

"Mdogo wangu," alisema, kwa Kiswahili kilichonyooka, Kiswahili cha faili, "tafadhali sogea kidogo. Unaniziba."

Nilisogea kwa furaha. Nilidhani ni adabu ya mjini, kwa kuwa tulikuwa uani kwa watu wa pwani. Wanaume wakaja wakacheza, wakafungwa mabao matatu, na njiani kurudi watu walisema wanawake ndio waliomaliza bahati yote ya siku. Nami nilitembea karibu yake nikimwuliza hili na lile kwa Kihangaza, naye akinijibu kwa Kiswahili, "Ndiyo," "Hapana," "Sifahamu." Kisimani kesho yake ilikuwa vivyo hivyo. Mezani pia. Kwa mama aligeukia Kihangaza, na mbuzi aliwafukuza kwa Kihangaza. Kwangu peke yangu alifungua ofisi.

Hakuacha. Aliolewa Nyakahura, akazaa watoto watano, hakugusa mpira tena. Kila barua, kila simu, kila salamu ya Krismasi ilinijia katika Kiswahili kisicho na kosa. Mimi niliondoka Ngara, nikasoma, nikakifanya Kiswahili kuwa riziki yangu. Watu wamenisifu kwa jinsi ninavyokiandika. Kihangaza changu kimebaki na umri wa miaka tisa: najua majina ya magugu, matusi, na namna ya kuomba chakula.

Kesho yake baada ya kulifungua sanduku, nilitoka na viatu vile mpaka uani. Spesioza, sasa mwenye mvi juu ya paji la uso, alikuwa amekaa kati ya wanawake akimenya ndizi za waombolezaji. Mkungu ulikuwa umekatwa asubuhi hiyo kwenye mgomba wangu. Nilichuchumaa mbele yake kama alivyochuchumaa mbele yangu jikoni, nikaviweka miguuni pake. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha. Kwa maneno machache ya kitoto niliyobakiza nilimwambia, kwa Kihangaza, kwamba nilikosa, kwamba nilitaka aende, kwamba anisamehe kwa ajili ya mama.

Wanawake waliacha kumenya. Alinisikiliza mpaka mwisho, bila ukali wowote. Alifuta utomvu mikononi kwa kipande cha jani, akanitazama kama mtu aliyefika uani kwa mara ya kwanza.

"Samahani," alisema. "Wewe ni nani katika nyumba hii?"

Nilinyoosha mgongo. Sikuwa na jibu jingine, wala lugha nyingine.

"Mimi ni mdogo wake Spesioza."

Aliandika kwa kidole juu ya kiganja chake, taratibu, neno kwa neno, kisha akasogeza viatu kando kwa mguu wa kushoto na kuchukua ndizi nyingine.